Tanzia Iliyolipiwa Mapema

Mliokuwa nasi juma lililopita mnajua tulimwachia wapi Sabiha: mbele ya dirisha la posta mjini Tanga, magunia ya jarida miguuni, na karani Dorkasi akimwambia kwamba stempu zimepanda bei. Aliyekosa juma lile asipate tabu. Sabiha ni mwalimu mstaafu, mjane wa Ngamiani asiye na mtoto, na hilo jarida lake, jina lake Jamvi, ndilo mume na ndilo watoto. Hulitoa kila baada ya miezi mitatu na kulituma kwa watu wa Tanga popote walipotawanyikia: Moa, Dar es Salaam, Mombasa, Maskati, Uingereza, Kanada. Ili toleo hili lichapwe alikuwa ameuza cherehani yake. Kwa hiyo aliposikia habari ya stempu, alikaa chini palepale kwenye foleni.

Haya yote amenisimulia mwenyewe, na aliniambia nisimpambe. Basi simpambi.

"Zimepanda tangu lini?" aliuliza kutoka chini.

"Tangu jana, mwalimu. Hata mimi nimeambiwa asubuhi hii."

"Dorkasi, mwanangu, mimi hesabu yangu niliipiga kwa bei ya mwezi jana."

"Mwalimu wangu, siku hizi nani anapiga hesabu kwa bei ya mwezi jana?"

Swali la haki kabisa. Shilingi ilikuwa imeshushwa thamani, ikashushwa tena, na kila mtu mjini alikuwa amejifunza kununua leo atakachohitaji kesho. Sabiha alikuwa bado anapanga bajeti yake kwa utaratibu wa zamani: karatasi hapa, chapa hapa, stempu hapa, na kidogo cha akiba pembeni. Stempu zilikuwa zimeimeza ile akiba na bado zilikuwa na njaa.

"Tuma kwa meli," Dorkasi alimshauri. "Kwa meli yote yatakwenda, na chenji utabaki nayo."

"Kwa meli? Mara ya mwisho nilituma kwa meli, salamu zangu za Idi ziliwafika watu Maulidi imekwisha. Waliniandikia wakinicheka."

Akainuka, akajipangusa vumbi. Akaamua hapohapo: nakala za ng'ambo zote zitakwenda kwa ndege, na za hapa nchini atazipeleka kwa njia zake. Za Moa atampa mtu anayekwenda kwao. Za Ngamiani na Nguvumali atazigawa mwenyewe.

"Kwa miguu, mwalimu?"

"Kwa miguu. Hii haijapanda bei."

Dorkasi akacheka, akazigonga mihuri zile za ng'ambo moja baada ya moja, gunia la ndege likafungwa. Angalieni hapo. Lau Sabiha angekubali meli, mimi leo nisingekuwa na hadithi ya kuwapa.

Alirudi nyumbani, akateleka chai, akavua viatu, akachukua nakala moja aisome kwa raha zake. Alikuwa hajaisoma bado, maana kutoka mtamboni alikwenda moja kwa moja posta kuwahi ndege. Akafungua mwanzo, akatabasamu. Akasoma harusi, akasoma mapishi. Alipofika ukurasa wa saba alipiga ukelele, jirani akauliza kuna nini.

"Nimeungua na chai!" akajibu.

Chai ilikuwa haijachemka. Ukurasa wa saba ulikuwa na tanzia: "Mzee Jafferji wa barabara ya saba, mwenye duka la vitambaa, amefariki dunia. Mlio mbali na mlio karibu, mnaombwa kumsomea Fatiha." Na tarehe ya kufa ilikuwa imetiwa, Alhamisi ya juma lile lile.

Yarabi salama! Mzee Jafferji alikuwa mzima. Asubuhi ile Sabiha alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, huku akipangusa rafu ambazo tangu nguo ziadimike hazikuwa na hata mita moja ya kitambaa.

Sasa niwaeleze, msije mkadhani mwanamke huyu kachanganyikiwa.

Mzee Jafferji alikuwa amebaki peke yake. Mkewe amezikwa hapa Tanga, na mwanawe mmoja tu, Nadir, aliondoka zamani akaenda Leicester, Uingereza. Siku moja mzee alimfuata Sabiha na pesa mkononi.

"Bi Sabiha, Nadir hajaniandikia tangu mama yake afariki," alisema. "Lakini najua Jamvi linamfikia, maana wewe unamtumia na halirudi. Siku nikifa nani atamwambia? Basi chukua hizi leo. Niandikie tanzia yangu, ikae tayari. Siku ikifika utie tarehe tu."

Sabiha alikataa. Mzee akang'ang'ania. Mwisho akazipokea, na zile pesa zikanunua karatasi ya toleo zima. Habari ikavuja, wazee wengine wakaja mmoja mmoja, Wahindi kwa Waswahili, wote wenye nyumba kubwa na watoto walioko mbali, kila mmoja anataka alipie tanzia yake kabla. Wengine walikuja na maneno yao wenyewe. Mmoja alitaka iandikwe kwamba alikuwa mchezaji hodari wa mpira, na hakuna aliyewahi kumwona akicheza. Mimi nawaambia, Jamvi lilikuwa linaishi kwa vifo vya watu walio hai.

Kosa halikuwa hapo. Luqmani, mwenye mtambo wa kuchapa wa barabara ya kumi na mbili, alikuwa akipandisha ujira wa kupanga herufi kila mwezi. Sabiha akaona afanye ujanja. Akamlipa azipange tanzia zote mapema, kwa bei ya wakati ule, herufi zake za risasi zikafungwa uzi zikakaa rafuni, kila moja ikisubiri tarehe yake. Aliona amepata. Na kweli alikuwa amepata, kama si Luqmani.

Alimfuata mbio, chai akaiacha jikoni.

"Luqmani! Mzee Jafferji kafa lini?"

"Kafa?" Luqmani akauacha mtambo, akashika kichwa. "Innaa lillahi! Lini tena?"

"Wewe ndiye nakuuliza! Umemchapa!"

Luqmani akautazama ukurasa wa saba. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejua hana hatia, "Dada, tangazo la sabuni liliondolewa. Ukurasa ukabaki mtupu. Nikakuuliza nitie nini, ukasema nini?"

Sabiha alikumbuka alichosema. Muuza sabuni alijitoa dakika ya mwisho kwa kuwa hakuwa na sabuni ya kutangaza, na yeye alikuwa mlangoni, ana haraka ya kwenda kuuza cherehani. Alisema: tia chochote kilichokwisha kupangwa, karatasi yangu isipotee bure.

"Na tarehe? Tarehe uliitoa wapi?"

"Niliona pako wazi, nikadhani umesahau. Nikatia ya siku ile."

"Na hukushangaa kumwona dukani kwake?"

"Mimi nikiwa na kazi sitoki, dada. Nilisikitika, wallahi. Nilimsomea Fatiha huku nachapa."

Mimi simtetei Luqmani, lakini nimejaribu kutafuta pa kumlaumu nikakosa.

Sabiha alikimbilia posta. Dorkasi alimwambia gunia la ng'ambo limeondoka kitambo, na kwamba siku hiyo, ajabu, gari lilikuja kwa wakati. Basi akarudi nyumbani, akachukua wembe, akaukata ukurasa wa saba katika kila nakala ya hapa nchini. Walioipokea Ngamiani walimuuliza mbona umekatwa. Akawaambia wino ulimwagika.

Kisha akaenda kwa Mzee Jafferji. Angeweza kunyamaza. Alisema alifikiri kunyamaza, akaona hataweza tena kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bi Sabiha. Mbona uso hivyo? Nani kafa?"

Alimpa ule ukurasa. Mzee akausogeza karibu na macho, akausoma polepole hadi mwisho, akaurudia. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Umeandika mwenye duka la vitambaa. Vitambaa viko wapi, mama?"

"Mzee, nisamehe. Nisamehe sana. Nitapeleka telegramu kote lilikokwenda, nitasahihisha."

"Kwa pesa gani?"

Sabiha akaangalia zile rafu tupu. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu njiani. Telegramu hulipiwa kwa neno, na kumfufua Mzee Jafferji Uingereza, Kanada na Maskati kungegharimu toleo zima lijalo. Akimfufua yeye, anaua Jamvi.

"Nitauza kitu."

"Utauza nini? Cherehani umeshauza, mji mzima unajua." Mzee akakunja ule ukurasa, akautia mfuko wa shati. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Leicester limekwenda?"

"Limekwenda, mzee."

"Basi liache. Usimwambie mtu. Likifika Nadir atasoma, na mimi nataka kujua."

"Kujua nini?"

"Kama atalia."

Hapa ndipo Sabiha alipopaswa kukataa, na hakukataa. Aliniambia alimhurumia mzee, na pia hakuwa na pesa ya telegramu. Nikamuuliza lipi lilikuwa kubwa. Akasema, andika la pili.

Wakaanza kungoja. Mzee Jafferji akawa kila baada ya sala ya adhuhuri anafunga duka lake tupu na kwenda kwa Luqmani, kwa sababu namba ya simu iliyoandikwa mgongoni mwa Jamvi ni ya pale mtamboni. Anakaa juu ya marobota ya karatasi, fimbo katikati ya magoti.

"Kuna aliyeuliza?"

"Bado, mzee."

"Posta kuna kitu?"

"Hakuna."

"Leicester ni mbali," husema. "Na watu wana kazi."

Majuma yakapita. Hakuandika mtu. Si Nadir, si wa Kanada, si wale wa Maskati ambao utotoni walikopeshwa nguo za Idi na mzee huyu na baadhi hawakulipa mpaka leo. Sabiha aliogopa mwanzoni kwamba watamlaani kwa kuchapa uongo. Sasa akaanza kuogopa jambo jingine. Kama mtu anatangazwa amekufa na hakuna hata mmoja anayeshtuka, basi nani analisoma Jamvi? Miaka yote hii alikuwa akikaa mezani peke yake anazungumza na watu, anawapa salamu, anawaambia nani kaoa na nani kajifungua, na akidhani upande wa pili kuna masikio. Alianza kuhisi kwamba alikuwa akiongea na ukuta. Alilia jikoni, na hakuona haya kuniambia.

Luqmani naye ana watoto wa kulisha. Siku moja alimwita Sabiha pembeni.

"Dada, toleo lijalo vipi? Karatasi siku hizi zipo, tele, madukani kwa watu binafsi. Zamani tulikuwa na pesa karatasi hakuna, sasa karatasi zipo pesa hakuna. Kuna mtu anataka mtambo wangu kuchapa kalenda. Nisipopata malipo yako ya mwanzo Ijumaa, mtambo nampa yeye, na sijui utarudi lini."

"Ijumaa hii?"

"Hii, dada. Nisamehe."

Alhamisi Sabiha alikuja kumwambia Luqmani kwamba hana kitu na kwamba Jamvi limekwisha. Alikuwa ameyapanga maneno vizuri, yasiwe marefu, asije akalia mbele ya watu. Mzee Jafferji alikuwepo, juu ya marobota yake. Sabiha akafungua kinywa, na simu ikalia.

Ulikuwa mlio mrefu, ule wa mbali. Luqmani akausimamisha mtambo, akapokea, akasikiliza, akageuka macho yamemtoka.

"Uingereza. Wanakutaka wewe."

Mzee akasimama. Sabiha akaichukua simu kwa mikono miwili.

"Halo?"

"Mwalimu Sabiha? Shikamoo! Nadir hapa, Nadir wa barabara ya saba. Ulinifundisha darasa la tatu."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Nadir, sikiliza, nina jambo..."

Mzee alikuwa ameshafika karibu. Akaweka kidole mdomoni, akatikisa kichwa: usimwambie. Macho yalikuwa yamejaa maji tayari.

"Mwalimu, simu ghali, acha niseme haraka," Nadir alisema, na sauti ikaja na mwangwi wake nyuma. "Nimesoma habari ya baba. Nimesikitika sana. Sasa, nataka ukurasa mzima toleo lijalo. Nitalipa kwa pauni, nitakutumia pauni mia mbili. Zitatosha?"

Msomaji, hapo tumuonee huruma. Pauni mia mbili! Kichwa cha Sabiha kilipiga hesabu bila kuulizwa: karatasi, herufi, stempu za ndege, mwaka mzima na zaidi, na cherehani irudi. Na Ijumaa ilikuwa kesho.

"Zitatosha, mwanangu," alisema. "Ukurasa wa nini?"

"Nusu ya juu picha ya baba na Fatiha. Picha ipo dukani, ukutani. Nusu ya chini uandike nyumba inauzwa. Duka chini, vyumba juu, hati zote zipo. Nasikia huko siku hizi watu wana pesa na biashara imefunguliwa."

Sabiha akamgeukia mzee. Mzee alikuwa anamvuta pindo la buibui kama mtoto.

"Anasemaje? Anasemaje?"

"Mwalimu, unanisikia? Kuna nani ndani ya nyumba sasa?"

"Kuna..." Akamtazama mzee. "Kuna mzee mmoja."

"Mpangaji? Baba alipangisha? Basi mwambie ahame. Mpe miezi mitatu, tusionekane wabaya."

Sabiha akaishusha simu kifuani, akaikandamiza. Mzee Jafferji alikuwa mbele yake, mkono mmoja umeshika ule mfuko wa shati.

"Analia?" aliuliza. "Niambie kweli, Bi Sabiha. Analia?"

Luqmani aliinamia mtambo wake, akajifanya hayupo.

"Analia, mzee," Sabiha alisema. "Analia mpaka hawezi kusema."

Hakupata nafasi ya kukata simu. Mzee, ambaye kwa kawaida hunyanyuka kwa kushika fimbo, aliinyakua ile simu mikononi mwa Sabiha kwa nguvu ambazo hakujua anazo.

"Nadir! Usilie, mwanangu, usilie! Mimi hapa!"

Akasikiliza. Sabiha alisikia sauti nyembamba ikikwaruza upande wa pili, inasema, inanyamaza, inasema tena. Alimwona mzee akikunja uso, akiitafuta maana, na kile kicheko cha furaha kikimtoka usoni kidogo kidogo.

Kisha mzee akaliziba domo la simu kwa kiganja, akamgeukia.

"Anauliza kama mimi ndiye yule mpangaji," alisema. "Mpangaji gani, Bi Sabiha?"